Mpe Naye Nafasi ya Kukataa

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja. Naona humu kuna waandishi, kuna wachoraji, kuna watu wa kodi, yaani wale wanaoandika programu za kompyuta, na kuna wale ambao hawajawahi kutengeneza chochote ila wamecheza magemu ya mapenzi mpaka wanayajua kuliko sisi tunaoyatengeneza, na hao ndo nimefurahi zaidi kuwaona, maana nataka tuongelee kitu ambacho mchezaji anakihisi mapema sana wakati mwandishi bado anahangaika na mchoro wake wa matawi, yaani zile njia mbalimbali ambazo stori inaweza kufuata.

Nikisema magemu ya mapenzi leo nazungumzia hasa zile riwaya za picha, mnazijua, picha ya mahali iko nyuma, mhusika kasimama mbele anakuangalia, boksi la maneno liko chini, unabonyeza unasoma unabonyeza unasoma, halafu ghafla inatokea menyu ina majibu mawili matatu na stori yote imesimama inakusubiri wewe. Hapo kwenye menyu ndo tukae leo.

Nianze na Shiori Fujisaki. Wapo humu wanaomfahamu. Ni mhusika mkuu wa kike kwenye Tokimeki Memorial, gemu ya Konami iliyotoka Japani mwaka 1994, na humo wewe ni mvulana wa sekondari, una miaka mitatu mbele yako ya shule, na Shiori ni rafiki yako tangu utotoni, nyumba yao iko jirani na yenu kabisa. Sasa jioni unakutana naye mkitoka shule, unamwomba mrudi wote, njia yenyewe ni hiyohiyo moja, na anakukatalia. Anakwambia marafiki zake wakimwona na wewe wataanza kuongea, ataona aibu. Anaondoka zake. Hakuna jibu la pili la kumbembeleza, hakuna zawadi ya kumpa abadilishe mawazo, wewe rudi nyumbani kwako peke yako.

Hiyo kauli ya kukataa ni moja ya kauli zinazokumbukwa sana kwenye historia ya magemu haya, na mimi nadhani sababu yake ni rahisi tu. Mpaka dakika ile Shiori alikuwa picha nzuri yenye nywele nyekundu. Alipokataa akawa mtu. Manake mtu ndo ana marafiki ambao wewe huwajui, ana aibu zake, ana jinsi anavyotaka kuonekana, na wewe bado hujafika mahali pa kuonekana naye. Unaumia, ndio, ila unaumia kwa sababu kuna mtu pale. Halafu unaenda unasoma, unafanya mazoezi, unajiweka vizuri, miezi inapita, na siku anakubali mrudi wote ile furaha haifanani kabisa na furaha ya kupewa kitu ambacho kilikuwa chako tangu mwanzo.

Basi hoja yangu ni moja tu na nitaizungukazunguka mpaka nimalize: uchaguzi wa mchezaji kwenye gemu ya mapenzi unakuwa na uzito pale unapokutana na uchaguzi wa mtu mwingine. Kama yule unayempenda hawezi kukukatalia, hawezi kuondoka, hawezi kuwa na siku mbaya ambayo haikuhusu wewe, basi unaweza ukaweka menyu mia na miisho hamsini na bado mchezaji atakuwa anaongea na ukuta.

Na tukiwa bado hapo kwa Tokimeki Memorial, kuna kile kitu cha mabomu. Wasichana wengine unaowafahamu ukiwapuuza muda mrefu, alama ya bomu inatokea kwa aliyepuuzwa, na likilipuka maneno yanasambaa shuleni na wote wanakushusha mioyoni mwao, hata yule unayemtaka. Mimi hili silipendi moja kwa moja, manake mwisho wake unatoka na mtu kwa kuogopa bomu na siyo kwa kutaka, na huo ni uhusiano wa ajabu kidogo. Lakini wazo lililo chini yake ni la kweli kabisa, kwamba kutokumtafuta mtu nako ni kuchagua, hata kama menyu haikutokea. Waandishi wengi mpaka leo hawajalifikia hilo, wanadhani uchaguzi ni pale tu palipo na bato la kubonyeza.

Mwaka huohuo wa 1994 kampuni ya Koei wakatoa gemu ya Angelique kwenye Super Famicom, mashine ya magemu ya Nintendo. Ilitengenezwa na timu ya wanawake iliyoitwa Ruby Party, nyuma yake alikuwepo Keiko Erikawa, na ndo inahesabiwa kuwa gemu ya kwanza ya otome, yaani zile za mapenzi zilizotengenezwa kwa kuwawaza wasichana na wanawake kwanza. Sikilizeni ilivyopangwa. Wewe ni msichana, mnashindana wawili, atakayeshinda anakuwa malkia wa ulimwengu. Kuna walinzi tisa, wanaume wenye nguvu zao, hao ndo unawaomba msaada ili ushinde, kwa hiyo kila siku uko nao, unaongea nao, unawazoea. Na ukimpenda mmoja wao, naye akakupenda, mkakubaliana, umalkia unauacha. Huwezi kubeba vyote viwili.

Oneni hilo lilivyo kubwa. Gemu ya kwanza kabisa ya aina yake na tayari imeshaelewa kwamba uchaguzi wa mapenzi si kuchagua nani kati ya tisa, hiyo ni rahisi, unachagua unayempenda. Uchaguzi ni utaacha nini. Ukichukua mapenzi kuna kiti kinabaki kitupu, ukichukua kiti kuna mtu anakuinamia kwa heshima kila siku na nyie wawili mnajua. Ningependa kila anayeandika gemu ya mapenzi ajiulize swali hilo kabla hajachora hata sura moja: mchezaji wangu akipenda, anaacha nini?

Sasa tuje kwenye hesabu, maana kuna watu wanaamini dawa ya kila kitu ni kuongeza matawi. Tuseme una menyu kumi tu, kila menyu majibu mawili, na kila jibu linafungua njia yake isiyoungana tena na nyingine. Mpaka menyu ya kumi una miisho 1,024. Hakuna timu itakayoandika hiyo, na hata ikiiandika hakuna mchezaji atakayeisoma, na hata akiisoma ataona mwisho mmoja kati ya hiyo yote na kusema mbona gemu fupi. Kwa hiyo kila mtu, narudia kila mtu, anafanya ujanja uleule, matawi yanaachana kwa dakika chache halafu yanaungana tena, na kinachobaki ni namba zilizofichwa ndani ya kodi zinazokumbuka ulisema nini. Sio aibu. Ndo kazi ilivyo.

Shida inaanza hizo namba zinapokuwa pointi za mapenzi na basi. Ukimjibu vizuri pointi mbili, ukimjibu vibaya toa moja, zikifika ishirini anakupenda. Mchezaji siyo mjinga, anagundua mapema tu, na akishagundua hamsikilizi tena yule mtu, anatafuta jibu sahihi kama yuko kwenye mtihani, na asipolijua anafungua mwongozo kwenye simu pembeni anafuata mstari kwa mstari. Watu wanawalaumu wachezaji wanaotumia miongozo, mimi siwalaumu hata kidogo. Sisi ndo tuliowaandalia mtihani, tunategemea wafanye nini?

Na kuna kitu kibaya zaidi kinajificha humo, samahani nitakaa hapa kidogo maana kinanigusa. Ukimfundisha mtu kwa masaa thelathini kwamba ukiwa mpole vya kutosha na ukitoa zawadi za kutosha basi yule mwingine ni lazima akupende, umemfundisha jambo la uongo kuhusu watu. Upole si malipo. Mtu anaweza akawa mpole kwako miaka na wewe usimpende, na hujamkosea. Gemu inayolijua hili inamheshimu mchezaji zaidi kuliko ile inayompa kila anachotaka.

Nataka niwaonyeshe kazi mbili ambazo naona zimeligusa hili kwa karibu kabisa, na ajabu yake ni kwamba zimetumia njia zinazopingana.

Ya kwanza ni Emily is Away ya Kyle Seeley, 2015, ya bure. Skrini yote ni kompyuta ya zamani, kuna dirisha la chati, na stori inaanza 2002 inaishia 2006, sura tano, kila sura mwaka wake. Unachati na Emily, basi, hamna kingine. Unapewa majibu matatu, unachagua moja, halafu, na hapa ndo penyewe, lazima ubonyeze kibodi ili herufi zitoke. Haijalishi unabonyeza herufi gani, maneno yanakuja yale uliyochagua, ila vidole vinavyoandika ni vyako. Unazoea. Unajiona unaandika wewe. Mnapita miaka, mambo yanakuwa magumu kati yenu, na sura za mwisho unachagua jibu la kusema lililo moyoni, unaanza kubonyeza, maneno yanatoka, yanafika katikati, yanasimama. Yanaanza kufutika. Herufi moja moja yanarudi nyuma mpaka yanaisha na mahali pake panaandikwa kitu chepesi, maneno ya kuulizana hali tu, na vidole vyako ndo hivyohivyo vinabonyeza.

Kuna watu wanasema huko ni kumnyang'anya mchezaji uchaguzi, na mwisho wenyewe ni mmoja, ukichagua hivi ukichagua vile Emily anaenda zake. Mimi naona kinyume. Uchaguzi ulifanyika, mchezaji alishajua anataka kusema nini na amekibonyeza kwa mkono wake, kilichoshindikana ni kule kukituma. Na nani humu hajawahi kuandika meseji ndefu akaifuta akaandika mambo vipi? Hakuna tawi lolote katika yale 1,024 linaloweza kukuumiza kama sentensi uliyoiona ikifutika.

Ya pili ni Digital: A Love Story ya Christine Love, 2010. Hii imewekwa mwaka 1988, unatumia modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa njia ya simu, unapiga namba unaingia kwenye zile bodi za meseji za enzi hizo, na unaanza kuandikiana na mtu, na sasa cha ajabu, meseji zako wewe huzioni hata moja. Unabonyeza jibu, imetumwa. Ulisema nini? Hujui, au tuseme unajua kwa kusoma alichojibu yeye. Akishukuru kwa maneno mazuri unajua ulisema maneno mazuri, akicheka unajua ulimchekesha, na akili yako yenyewe inajaza kile ulichosema, na inakijaza kwa sauti yako, kwa lugha yako, vile ungesema wewe kweli.

Hapo hakuna uchaguzi wa maneno kabisa na bado nimeona watu wakiumizwa na stori ile kuliko stori zenye menyu kila dakika. Kwa nini? Kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayejibu. Anaposhtuka, anaponyamaza, anapoleta jambo ambalo wewe hukuuliza. Mwandishi kaweka nguvu zake zote kwenye majibu ya yule mwingine, na wewe ukaachiwa nafasi ya kuwa wewe.

Kuna watu watauliza mbona sijataja Doki Doki Literature Club, nataja sasa hivi, na kama hujaicheza na unataka kuicheza ziba masikio dakika mbili. Timu ya Dan Salvato waliitoa 2017, bure, na mwanzoni kabisa wanakuonya kwamba haiwafai watoto wala mtu anayesumbuka kirahisi, na hilo onyo lichukulieni kwa uzito. Kuna Sayori, rafiki yako wa tangu zamani, anakwambia kwamba ana msongo wa mawazo wa muda mrefu, na anakwambia anakupenda. Menyu inatokea, majibu mawili, moja la kumwambia na wewe unampenda, jingine la kumwambia atabaki rafiki yako mpendwa daima. Mchezaji anakaa pale anawaza, anaogopa, anachagua. Na Sayori anafariki, kwa jibu lolote lile.

Wapo wanaoona huo ni ukatili wa bure. Mimi naona ni ukweli mgumu uliosemwa kwa namna ambayo ni gemu tu inaweza kuusema, kwamba ugonjwa wa mtu hauponi kwa sababu wewe umechagua jibu zuri, na kumpenda mtu siyo tiba yake. Kwenye kitabu ungeusoma ukakubali. Kwenye gemu ulishajaribu kumwokoa kwa mkono wako.

Halafu baadaye anakuja Monika, msichana mwingine wa gemu hiyohiyo, yule ambaye hukuwahi kupewa njia ya kumpenda, kawafuta wengine wote na kakaa mbele yako anakuangalia, chumba ni nyie wawili tu, na anaongea, anaongea bila kuisha. Menyu hakuna. Namna ya kutoka ni kwenda nje ya gemu kabisa, ufungue folda kwenye kompyuta yako, utafute faili lenye jina lake ulifute mwenyewe. Gemu imegeuza meza, sasa yeye ndo hataki kukubali kukataliwa. Alichokifanya Monika ndicho ambacho magemu mengi yanamruhusu mchezaji afanye, kupanga watu wote mpaka abaki mmoja asiyeweza kukataa, na ukikaa kwenye kiti cha anayefanyiwa ndo unaona kinavyotisha.

Sasa tushuke kwenye kazi, tuandike sini moja, yaani tukio moja la stori, hapahapa. Kuna mhusika, tumwite Rehema. Mko pamoja mwaka mzima ndani ya stori. Usiku mmoja anakwambia kapata nafasi ya kusoma mbali, miaka miwili. Menyu ya kwanza ambayo mwandishi mchanga ataleta ni hii: Nenda, nakupenda. Usiende, baki na mimi. Sijali.

Angalieni vizuri. La kwanza ni la mtu mwema, la tatu hakuna anayelichagua isipokuwa anayetaka kuona gemu itafanya nini, kwa hiyo kiukweli una jibu moja na nusu. Ila kosa kubwa siyo hilo. Kosa ni kwamba kwenye majibu yote matatu Rehema kasimama anasubiri wewe uamue maisha yake. Ukisema nenda anaenda, ukisema baki anabaki. Huyo siyo mtu, ni swichi.

Tubadilishe kitu kimoja tu. Rehema kashakubali ile nafasi. Kasaini wiki tatu zilizopita. Hajaja kukuomba ruhusa, kaja kukwambia. Anaenda, na hakuna jibu litakalomzuia. Sasa menyu inakuwa hivi: Uliamua lini? Au: Hongera. Au unanyamaza.

Ukiuliza uliamua lini, anakwambia ukweli, wiki tatu, na kwamba aliogopa kukwambia, na sasa unajua kwamba mtu unayempenda alikuwa anakuogopa wiki tatu na wewe hukuona. Ukisema hongera anakukumbatia, anakushukuru, usiku unaisha vizuri, na lile swali la lini halijaulizwa, linabaki hapo katikati yenu. Ukinyamaza anaanza kuongea yeye kujaza ule ukimya, anajieleza, mwisho anaomba msamaha kwa kitu ambacho wala siyo kosa, na wewe umemwacha aombe. Majibu yote matatu mtu wa kawaida anaweza kuyatoa, yote yana gharama, na hakuna mwongozo wa kwenye simu utakaokwambia lipi ndo lenyewe.

Na kwenye kodi ni rahisi kupita maelezo. Kigezo kimoja chenye thamani tatu, yaani kitu kimoja kilichofichwa kinachokumbuka mchezaji alichagua lipi kati ya majibu matatu. Matawi yote yanaungana asubuhi yake. Siku ya kuondoka Rehema anasema mistari ileile kwa wachezaji wote isipokuwa mmoja, na huo mmoja unasoma kile kigezo: aliyeuliza anaambiwa asante kwa kuniuliza siku ile, aliyepongeza anaambiwa kuna kitu nilitaka kukwambia siku ile sikuweza, aliyenyamaza anaambiwa niandikie, hata kama huna cha kusema. Mistari mitatu tu. Mchezaji atatoka hapo akiamini gemu nzima ilikuwa inamsikiliza, na kwa kweli ilikuwa inamsikiliza.

Kuna jambo la pesa nigusie haraka. Kwenye magemu mengi ya mapenzi ya simu, ikiwemo Choices iliyotoka 2016, majibu mengine yana bei, unalipa almasi, na almasi zinanunuliwa kwa hela halisi. Najua watu wanahitaji kulipwa, mimi mwenyewe nataka waandishi walipwe tena vizuri, sipingi hilo. Uzeni nguo, uzeni sura za ziada, uzeni stori nzima. Ila mtu akiwa analia mbele ya mchezaji, na jibu la kumfariji lina alama ya almasi na jibu la kumwacha ni la bure, mmeshaharibu kila kitu nilichokuwa naongelea hapa, kwa sababu mchezaji akichagua kumwacha huwezi kujua tena alichagua hivyo kwa moyo wake au kwa salio lake, na yeye mwenyewe hajui.

Ninachokiona cha kuvutia zaidi kwenye simu ni muda. Mystic Messenger ya Cheritz, wa Korea Kusini, 2016, inaenda kwa saa ya kweli, siku 11, vyumba vya chati vinafunguka saa zake, vingine usiku wa manane, na wahusika wanakupigia simu ukiwa kwenye shughuli zako. Kuwepo kwako ndo uchaguzi wenyewe. Wana maisha, wanaongea wao kwa wao hata ukiwa umelala, na asubuhi unasoma walivyokuwa wanajiuliza uko wapi. Hiyo ni nguvu kubwa, na inamfanya mtu akose usingizi kweli, kwa hiyo anayetaka kuitumia aifikirie afya ya mchezaji wake, asimfanye achague kati ya kulala na kuonekana hajali.

Najua kuna mtu huko nyuma anajiambia, sasa vipi kuhusu magemu ya faraja, yale ambayo hakuna anayekataliwa, na watu wanayapenda na yanawasaidia? Swali la haki kabisa. Chukueni Our Life: Beginnings & Always ya GB Patch Games, 2020. Unakua pamoja na Cove, jirani yako, tangu utotoni mpaka mnakuwa watu wazima, na hakuna jibu la kosa humo, hakuna mwisho mbaya unaokuvizia. Ila tazameni wanachokuuliza. Wanakuuliza wewe unajisikiaje juu yake. Unaweza kusema ni rafiki tu na gemu inakubali, inaendelea nzuri vilevile, haikuadhibu, haikusukumi. Yaani pale haki ya kukataa kapewa mchezaji, na inaheshimiwa moja kwa moja. Kwa hiyo haivunji hoja yangu, inaikamilisha, kwa sababu kuna magemu mengi sana ambayo mhusika akishakusogelea huna bato la kusema hapana, au lipo lakini ukilibonyeza stori inakufa. Wekeni hapana kwenye menyu zenu, na nyuma ya hiyo hapana wekeni stori yenye uhai.

La mwisho ni la kiufundi na wale wa kodi watanielewa haraka. Wengi humu mnatumia Ren'Py, programu ya kutengenezea riwaya za picha, ya Tom Rothamel, iko tangu 2004, ni ya bure, na yenyewe ina uwezo wa kumrudisha mchezaji nyuma, anazungusha gurudumu la mausi anarudi kabla ya menyu anachagua jingine. Huwa naulizwa kama uwezo huo uzimwe ili uchaguzi uwe mzito. Unaweza kuuzima, ndio, ila mimi nasema uacheni. Sini yenu ikiwa imeandikwa sawasawa, mchezaji akirudi nyuma atakuta jibu la pili nalo lina maumivu yake na la tatu vilevile, atarudi mara tatu na atakutana na Rehema yuleyule anayeondoka, kwa sura tatu, na atakuwa amemfahamu zaidi. Ikiwa imeandikwa vibaya, atarudi, atapata jibu la pointi mbili, ataendelea.

Kwa hiyo mkirudi kwenye meza zenu msianze na sini ya kupendana. Andikeni kwanza ile ambayo mhusika wenu anakataa jambo, dogo tu, kurudi wote nyumbani, na ana sababu yake ambayo mchezaji hajaambiwa yote. Mpeni mtu aicheze, nyie kaeni pembeni, msiongee, msimweleze chochote. Akimaliza msimuulize kama kapenda. Muulizeni yule alikataa kwa nini, na kama anaanza kumtetea au kumlaumu kwa maneno yake mwenyewe, endeleeni na sini ya pili. Asanteni sana, maikrofoni iko pale mbele, karibuni maswali.